Mazimwi ya Mama

Plastiki laini ikipigwa na jua hutoa harufu yake ya pekee: utamu wa uongo, kama wa peremende iliyosahauliwa ndani ya mfuko wa koti, uliochanganyika na vumbi la stoo na mafuta ya mikono ya watu. Harufu hiyo ndiyo iliyoujaza ua wa nyumba yetu ya Shela, Malindi, katika likizo ndefu ya kaskazi nilipokuwa nimemaliza darasa la nne. Asubuhi moja mama aliyaosha mazimwi yetu ndani ya beseni la maji ya sabuni, akayang'oa vichwa, maana vichwa vyake vilikuwa vikichomoka, kisha akayapanga juu ya ukuta mfupi wa jiko la nje ili maji yaliyoingia matumboni yachuruzike. Vichwa upande mmoja, viwiliwili upande wa pili. Jirani aliyekuja kupimwa gauni alisimama kizingitini akashika kifua. "Mama Nuru, kumetokea nini hapa?" Mama akacheka mpaka akakaa chini. "Karibu, shoga. Hapajafa mtu. Wanaoga tu."

Mazimwi ndilo jina tuliloyapa. Yalikuwa vinyago vya kuchezea, urefu wa shubiri au chini ya hapo: majoka ya mikia minene yenye magamba, madubwana yenye pembe, na mashujaa wa kifua cha fedha na macho makubwa kama mayai, ambao katika filamu za Kijapani hupigana na madubwana hayo katikati ya maghorofa. Filamu zenyewe sikuwahi kuziona. Nilichokiona ni kwamba vinyago vyetu vilitengenezwa na watu waliokuwa na haraka. Shujaa mmoja alipakwa macho juu ya paji la uso. Mwingine alikuwa na mikono miwili ya kushoto. Kulikuwa na joka lililopewa kichwa cha shujaa, likasimama na magamba yake hadi shingoni kisha likakutazama kwa uso wa mtu. Leo najua yalikuwa ya bandia, yameigwa katika viwanda visivyotaja majina yao kutoka kwa vinyago halisi vya Japani, yakapelekwa kwenye bandari za watu wasiojua tofauti. Wakati ule neno bandia halikutupitia akilini. Mama aliyashika kwa upole zaidi yale yenye kasoro kubwa. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza, na mama yangu alikuwa na makengeza mengi ya kupenda.

Jina lake lilikuwa Salma. Alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ya mkono ilikaa ukumbini karibu na mlango, apate upepo na apate habari za wapita njia. Baba, Athumani, alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni, akirudi Alhamisi jioni ili Ijumaa aswali mjini, visigino vyake vimepasuka na nyusi zimekuwa nyeupe. Bibi, mama yake baba, aliishi nasi, na nyumba ilikwenda kwa kauli yake. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee. Mama aliharibikiwa na mimba kabla yangu na baada yangu, jambo nililolisikia kwa wanawake waliodhani sisikii. Huenda ndiyo sababu alicheza nami kama mwenzangu wa rika, akakaa chini kwenye mkeka, akabishana nami kwa dhati nani ameshinda.

Zimwi la kwanza lilitoka kwa Mzee Jivan, aliyekuwa na duka la vitambaa na vyombo karibu na soko la zamani. Mzee huyo alikuwa anafunga duka aende kuishi na bintiye Mombasa, na mama alikwenda kuangalia kama kumebaki vifungo. Nyuma ya marobota ya kitambaa cha marekani kulikuwa na sanduku la mbao lililoliwa na mchwa pembeni. "Hivyo ni vitu vya zamani, binti yangu," Mzee Jivan alisema. "Nilivinunua kwa jumla, watoto wakaviogopa. Vimekaa humo tangu mke wangu yu hai." Mama alipiga magoti, akatia mkono, akatoa joka la kijani lenye mkia uliopindwa na joto. Nikamwona uso wake umebadilika. Alilishika kwa mikono yote miwili kama anayepokea mtoto mchanga, akalinusa. "Nuru," akaniambia polepole, "mimi nilikuwa na hili."

Hapo hapo, tukiwa tumechutama kwenye vumbi, akanisimulia habari za kaka yake, Mjomba Bakari, ambaye mimi sikumjua. Alikuwa baharia wa meli za mizigo. Mama alipokuwa msichana mdogo kule Mambrui, kaka yake alirudi kutoka bandari za mbali na zawadi kwa kila mtu: saa kwa baba yao, kitambaa kwa mama yao, na kwa Salma joka la kijani ambalo hakuna mtu mtaani aliyejua ni mnyama gani. Safari iliyofuata hakurudi. Haikuja barua wala maiti, na watu wazima wakaendelea kumwambia mtoto kwamba kaka yuko njiani. Kisha familia ikahamia Malindi, na katika kuhama huko joka likapotea. "Sikumlilia kaka yangu, maana niliambiwa atarudi," mama alisema. "Nililia zimwi. Nililia mpaka nikapigwa." Mzee Jivan alikuwa amesimama nyuma yetu akisikiliza. Akalisukuma sanduku kwa mguu kuelekea mlangoni. "Chukua lote," akasema. "Na usinishukuru, utanifanya nilie mbele ya mtoto."

Basi likizo ile ikawa likizo ya mazimwi. Mengi yalikuwa yamepasuka kwenye mishono, na mama, ambaye mshono ulikuwa kazi yake, alipasha moto ncha ya kisu akaziunganisha nyufa zile taratibu huku amebana pumzi. Palipobanduka rangi alipaka rangi ya kucha; palipohitaji weusi alitia wanja. Madubwana yakapata kucha nyekundu kama za bi harusi. Kila moja tulilipa jina na tabia. Yule wa macho ya juu tulimwita Mchamungu, kwa kuwa alitazama mbinguni saa zote. Lile joka la uso wa mtu lilikuwa Si-Changu, kwa ajili ya kichwa. Usiku nilipoogopa giza, mama alikuwa na jibu moja tu. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alisema. "Na haya yanakujua. Umeyaogesha." Katika sanduku tulikuta pia kadi ya picha, yenye herufi zilizopinda, ikionyesha jamaa nzima ya vinyago hivyo. Sisi tulikuwa nayo yote ila moja: zimwi jekundu lenye mabawa. Mama aliibandika kadi ukutani juu ya cherehani, na kila mteja aliyekuja akaulizwa kama amewahi kuona kitu kama kile.

Tulilitafuta zimwi lile katika maduka yote yaliyokuwa na rafu za juu. Mama alipopeleka nguo Watamu, tuliingia katika vijiduka vya Dabaso, na alipokwenda kumzika jamaa Mambrui alipitia kwa wauza vyombo, akawaeleza kwa mikono upana wa mabawa. Wengi walimwangalia kwa huruma. Habari ilikuja kutoka mahali tusipopadhania. Wanawake wa kwaya ya kanisa moja kule Kakuyuni walimpa mama kazi ya kushona sare, na mkubwa wao, Mama Kadzo, alipokuja kuchukua vipimo aliitazama ile kadi, akaweka kidole juu ya picha. "Huyu," akasema, "yuko shambani kwangu."

Tulikwenda siku ya kupeleka sare. Mama Kadzo alitusalimu kwa Kigiriama na mama akajibu kwa Kigiriama chake kibovu, wakacheka wote, kisha tukaongozwa nyuma ya nyumba hadi kwenye mahindi. Pale, juu ya mti uliochomekwa ardhini, lilikuwa limefungwa kwa kamba ya mkonge zimwi jekundu lenye mabawa, limepauka kwa jua mpaka limekuwa la waridi. "Marehemu mume wangu alilitoa mjini akidhani ni taa," Mama Kadzo alieleza. "Alipoona haliwaki akanipa mimi. Tangu nilitundike hapa, nyani wanapita mbali." Mama aliuzunguka mti ule kama anayezunguka kitu kilichotoka mbinguni. "Nikikushonea mlinzi mwingine, mkubwa, mwenye kofia na suruali, utaniachia huyu?" Mama Kadzo akamtazama chini juu. "Mama mzima, wamtakia nini?" "Ni wa mtoto," mama akasema. "Mtoto amekaa kimya," Mama Kadzo akajibu. " Wewe ndiye unayemwangalia kama mchumba." Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Mchana wote ule mama alikaa kwenye kibaraza akishona kwa mkono: magunia ya tumbo, joho kuukuu la kwaya, vifungo vya macho. Mlinzi aliposimamishwa shambani alikuwa mrefu kuliko Mama Kadzo, na mtoto wake wa mwisho akalia alipomwona. "Huyu atafaa," akasema Mama Kadzo, akapanda kiti, akafungua kamba, akalitia zimwi mikononi mwa mama.

Sijapata kumwona mtu mwenye furaha kama mama alivyokuwa tulipokuwa tunatembea kurudi barabarani. Lakini njiani aliketi juu ya jiwe, akapumzika, akainuka, kisha akaketi tena kabla hatujafika mbali. Akavua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba, na alipobonyeza kwa kidole, alama ya kidole ilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa. "Ni kukaa sana," akaniambia. "Usimwambie baba yako." Nikabeba viatu vyake mkono mmoja na zimwi mkono wa pili.

Hapa sina budi kumsema Bibi, na sitaki mtu amwone mbaya. Bibi alimpenda mama kwa namna ambayo wakwe wengi hawapendi wake wa wana wao. Lakini tangu siku sanduku lile lilipoingia ndani hakuwa na raha. "Nyumba yenye masanamu haiingii malaika wa rehema," alisema. Baba alikwenda kumuuliza mwalimu wa chuo, mtu mpole aliyetusomesha Kurani, naye akajibu kwamba vya watoto vya kuchezea havina neno. Bibi akasikiliza jibu hilo, akatikisa kichwa. "Vya watoto, sawa. Mbona anayecheza ni mama mtu?" Mama hakubishana naye. Aliyatia mazimwi ndani ya gunia, akalitundika katika jiko la nje, mbali na chumba cha kuswalia, na tulipotaka kucheza tulicheza uani. Bibi alikuwa akipita pale amegeuza uso, midomo ikisoma.

Kisha uvimbe ukapanda kutoka miguuni hadi usoni, mama akaanza kutapika kila alacho. Alilazwa Malindi, akahamishiwa Kilifi, na daktari akamwambia baba kwamba figo zimechoka. Waliporudi nyumbani, mama alilazwa katika chumba cha mbele, karibu na dirisha. Cherehani ilifunikwa kwa kanga. Bibi alifanya kila alilolijua: alipika uji usio na chumvi, alimpaka mafuta, aliandikisha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani zikaoshwa kwa maji ya waridi, akamnywesha mwenyewe kijiko kwa kijiko. Hali haikubadilika. Mfa maji haachi kutapatapa, na nyumba nzima ilikuwa inatapatapa. Bibi akaanza kukaa kwenye mlango wa jiko la nje, analitazama lile gunia, analia bila sauti. "Athumani, mwanangu," nilimsikia akimwambia baba, "yatoe yale. Nakuomba kwa ziwa nililokunyonyesha. Yatoe malaika wapate njia."

Ilikuwa Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Baba aliingia uani na kanzu yake nyeupe, hakumsalimu mtu, akalitungua gunia, akatoka nalo hadi kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba, ambapo majirani wote walikuwa na madirisha. Nilimfuata. Akayamwaga chini, akayamwagia mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Sikuelewa mpaka nilipoona moto. Nikashika kanzu yake, nikavuta. "Baba, hayo ni ya mama!" "Najua, mwanangu." "Baba, ni ya mama!" "Najua." Plastiki haiungui kama kuni. Kwanza inang'aa, kisha inainama. Niliona Mchamungu akiinamisha kichwa, nikaona mabawa mekundu yakikunjamana, na rangi ya kucha ikichemka. Moshi ukapanda mweusi, mzito, wa kuwasha koo, na madirisha yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. "Mama atapona sasa?" nikamuuliza. Baba aliutazama moto mpaka likabaki gamba jeusi lililoganda mchangani.

Moshi ule ulikuwa umeingia chumbani kwa mama. Nikamsikia akiita, "Nuru!" "Labeka." Nilipoingia alikuwa amegeukia ukuta. "Yameungua?" "Yameungua, mama." "Yote?" "Yote." Akafumba macho. Nilisubiri alie, nipate kulia naye. Badala yake akaniuliza, "Baba yako yuko wapi?" "Amesimama pale pale." "Mpelekee maji. Mwambie aingie ndani, kuna jua." Nilipeleka kikombe. Baba hakunywa, aliyamwagia mikononi akawa anaisugua, na masizi badala ya kutoka yakatambaa hadi kwenye mikono ya kanzu. Nikamwangalia nikiwa na chuki ambayo sikujua kwamba mtoto anaweza kuibeba.

Mama alifariki kabla ya mvua za masika. Nyumba ilijaa wanawake, ubani, na sauti ya vikombe. Nakumbuka mwanamke mmoja, jamaa wa mbali, akiinamia sikio la mwenzake na kusema kwa sauti ambayo haikuwa ndogo vya kutosha, "Na yale masanamu aliyokuwa akicheza na mwanawe?" Bibi alimsikia. Akainua uso wake uliovimba kwa kilio. "Hakuna masanamu katika nyumba hii," akasema. "Mwanangu aliyachoma kabla ya leo, na watu waliona. Salma amekwenda kwa ajali yake, siku aliyoandikiwa na Mungu." Kisha akanivuta, akanipakata mbele yao wote, mimi msichana niliyepita umri wa kupakatwa, akanifunika kwa leso yake. Yule mwanamke akainamia kikombe chake. Mimi nilijiondoa mapajani, maana sikutaka kuguswa na yeyote aliyetaka moto ule.

Baada ya arobaini nilichukuliwa na dada yake mama aliyekuwa akikaa Kilifi, nikasome huko. Baba alikuja kunitazama kila alipoweza, na samaki waliokaushwa na fuko la chumvi, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Masomo?" "Mazuri." Basi. Mama mkubwa alijaribu kutuacha peke yetu, nami nikatafuta kazi ya kufanya jikoni. Bibi alifariki nikiwa sekondari. Baba hakuoa tena. Nilimaliza shule, nikawa mwalimu, nikaolewa hapa hapa Kilifi, nikazaa binti. Na siku moja, nikitafuta picha za somo la wanyama kwenye simu, nikaliona joka la kijani lenye mkia mnene, limepigwa picha juu ya kitambaa cheusi kama pambo la kifalme.

Ndipo nilipojua kwamba duniani kuna watu wazima wanaoyakusanya. Wanajuana, wanaandikiana, wanabishana kuhusu rangi ya unyayo. Nilijifunza kwao kwamba yetu yalikuwa ya bandia, na kwamba sasa wako wanaoyatafuta yale ya bandia kuliko yale halisi, na yenye kasoro kubwa ndiyo yanayopendwa zaidi: macho yaliyokosea mahali, vichwa visivyo vyao. Niliposoma hayo niliweka simu kifudifudi juu ya meza, kwa sababu nilikuwa peke yangu na hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Umesikia?" Nikaanza kuyatafuta. Nimeingia katika stoo za maduka yaliyofungwa Malindi, nimechakura marobota ya mitumba, nimeandikiana na mzee mmoja wa nchi ya mbali ambaye hunitumia kila Idi salamu na picha za rafu zake. Nimepata kadhaa. Yako sebuleni, na wanafunzi wangu wakija huyacheka. Hakuna hata moja lililowahi kuwa letu, kwa kuwa yetu niliyaona yakiisha.

Mwaka jana baba alikuja kukaa nasi baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyokubali kumwona. Asubuhi alipofunguliwa bendeji, alizunguka sebule akitazama vitu kama mtu aliyeingia nyumba ya watu: saa, picha ya binti yangu, pazia. Akafika kwenye rafu, akasimama. Binti yangu alikuwa shule, mume wangu kazini. Nilikuwa nakata mboga, nikaona mgongo wake hausogei. "Yanafanana," akasema. "Ndiyo, baba." Akarudi kitini taratibu akishika kuta. "Nimekaa na neno hili nikisubiri uniulize. Hukuniuliza." Nikaweka kisu chini. "Nakuuliza leo. Uliamini kweli kwamba ndiyo yaliyomwua?"

"Sikuamini hata siku moja," baba akajibu. "Mwalimu alikwisha kuniambia hayana neno. Aliyenituma niyachome ni mama yako."

Nilidhani ni uzee. Akaendelea, akitazama mikono yake. Alipotoka Gongoni jioni ile ya Alhamisi, siku moja kabla ya moto, mama alimwomba afunge mlango. "Akaniambia, 'Athumani, mimi siponi, na wewe unajua. Nikifa hayo yakiwa humu ndani, mama yako ataamini mpaka kaburini kwamba yamenimaliza, na mtaa utaamini. Na hawatasema ni yangu, maana marehemu hasemwi. Watasema ni ya Nuru. Ataishi na neno hilo. Yachome nikiwa hai, mchana, watu wakiona, asibaki mtu wa kumnyooshea kidole.' Nikamwambia sitaweza. Akaniambia, 'Utaweza. Mimi nimeweza kukwambia.' Kisha akaniapisha nisikwambie mpaka ukue."

"Mbona hukuniambia nilipokua?"

Jicho jipya la baba lilikuwa linatoa machozi, na sikujua kama ni dawa. "Ulipokua hukutaka kukaa nami peke yetu," akasema. "Na nikaona, ikiwa lazima umchukie mmoja wetu, mimi niko hai, naweza kuvumilia."

Nilikwenda nikaketi sakafuni karibu na kiti chake kama nilivyokuwa sijaketi tangu utoto, akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, mzito na mkavu, tukakaa hivyo mpaka sufuria ikaanza kuungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

Baba amerudi Malindi, na mimi huenda kila nipatapo nafasi. Duka la Mzee Jivan sasa linauza simu na vifuniko vyake. Kiwanja cha nyuma ya nyumba yetu kimejengwa ghorofa, vijana wa pale chini huwasemesha watalii Kiitaliano, na hakuna mtu mtaani anayejua kwamba pale paliwahi kuwaka kitu. Binti yangu ana vinyago vya kila aina, vyote macho yake yako mahali pake, naye huvichoka kabla ya mwezi kuandama. Mimi nimekwisha kumpita mama umri. Jambo hilo lilinijia ghafla juzi nilipokuwa nasahihisha madaftari, na tangu hapo sijaweza kumwona tena kama mtu mzima niliyekuwa nikimwinulia uso. Nikimfikiria sasa namwona msichana, mdogo kuliko walimu wapya wanaoletwa shuleni kwetu, amelala kwenye chumba cha mbele miguu imevimba, amegeukia ukuta, ananusa moshi wa kitu alichokipenda kuliko vyote isipokuwa mimi, na hakuna hata mmoja ndani ya nyumba ile aliyemwambia pole.